Fomu ya S.3: baba anataka nesi, mtoto anasema hajui, nisaini mimi?

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne huku Malaba, upande wa Uganda, nauza vitenge na madera pale karibu na foleni ya matrela. Hii safu yako naisoma siku nyingi, mara naicheka mara inaniliza, lakini sikudhani na mimi kuna siku nitaandika.

Binti yangu wa pili ako S.2, yaani sekondari mwaka wa pili, ana miaka 15. Taamu hii ya tatu shule imewapa fomu, karatasi nusu tu, juu imeandikwa masomo saba ya lazima, halafu kuna mistari miwili mitupu ya kujaza yale ya kuchagua ya S.3, na chini kabisa saini ya mzazi. Hiyo karatasi nusu ndio imetuondolea usingizi.

Mume wangu ni dereva wa trela, anatoka Mombasa anaenda Kampala, saa zingine mpaka Juba, hapa nyumbani analala usiku mmoja au miwili anapita. Nilipiga picha ile fomu nikamtumia kwa WhatsApp, hazikuisha dakika kumi akajibu kwa voisi: andika Agriculture na ICT, huyo atakuwa nesi kama shangazi yake, mambo ya kuchora sitaki kusikia. Wifi yangu ni nesi kweli, na marehemu mama mkwe alipougua ni yeye alimhangaikia mpaka mwisho, kwa hiyo mume wangu akisema nesi anasema na roho yake yote.

Sasa kuhusu kuchora. Huyu mtoto anachora piko. Shangazi sijisifu lakini mkono wa bibi harusi aliouchora yeye unaweza kudhani amevaa lesi. Likizo anaitwa mpaka Tororo, anarudi na elfu 20, harusi ikiwa kubwa elfu 50, na hela anampa mdogo wake ya madaftari. Mimi nikajua moja kwa moja huyu ni wa Art. Lakini nilipomuuliza unataka nini akaniambia, "Mama, mimi sijui." Nikamwambia utakosaje kujua na fomu inarudi Ijumaa ya wiki ijayo? Akakaa mezani akaandika Art kwa penseli, akafuta, akaandika Kiswahili, akafuta, akaandika tena, karatasi imekonda pale mpaka unaona mbao za meza kwa chini.

Nilienda shule. Class teacher akasema Art wanafunzi ni wachache, mwalimu wake anakuja siku mbili kwa wiki, na kuna pesa ya vifaa juu ya fizi. Akasema wengi wanachukua ICT na Entrepreneurship, hakuna shida, mama jaza tu. Jaza tu! Kama vile ni fomu ya kuchukua maziwa.

Halafu dada yangu mkubwa ako upande wa Kenya, mtoto wake ako Grade 9, amechagua ile pathway yao. Kila siku ananipigia: mlete huyo binti huku, huku wanachagua njia nzima, si vipande viwili kwa karatasi.

Mimi kwa mawazo yangu mtoto wa miaka 15 asichaguzwe kitu, asome yote mpaka amalize S.4 ndio achague akiwa na akili. Mimi mwenyewe niliishia S.3 kwa ajili ya fizi, labda ndio sababu haya mambo yananichanganya, sijui. Lakini kitu kinachonisumbua usiku ni hii saini. Iko nafasi moja tu, imeandikwa mzazi, haijaandikwa baba. Naweza kuandika Art, nikasaini, nikarudisha, yeye ako Mariakani hajui. Ila yeye ndio analipa fizi, na akija kujua sijui tutaanzia wapi.

Nimwachie baba, nimwachie mtoto, au nimwachie shule? Na kusema ukweli hawa watoto wanafaa kuchagua lini?

Mama wa Malaba

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam mama wa Malaba, na pole na hiyo karatasi. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikafikiri ni ya mtoto, nikaisoma tena nikaona nusu yake ni ya wewe na baba watoto, na saini ndio imekaa katikati. Tutafika kwa saini, lakini acha tuangalie kwanza hiyo fomu inaamua nini, maana naona watu wazima wote kwenye hii habari mnaiogopa kuliko ilivyo, na kuna mahali pengine mnaidharau.

Mtaala huu wa oleveli, yaani S.1 mpaka S.4, ni mpya, ulianza 2020, na mwaka huo huo mwezi wa Machi shule zikafungwa kwa sababu ya corona, zikaja kufunguka zote Januari 2022, ndio maana kundi la kwanza limefanya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, mwaka 2024 na majibu yakatoka Februari 2025. Yaani ni juzi tu. Wazazi wengi, na waalimu nao nisiwafiche, bado wanahesabu kwa agrigeti na Division One za mfumo wa zamani, na mtoto analeta karatasi ina A mpaka E. NCDC, wale wanaotunga mitaala, walishusha orodha ya masomo kutoka 43 mpaka 21, wakapanga S.1 na S.2 mtoto asome 12, 11 yakiwa ya lazima na moja la kuchagua. Akiingia S.3 anabaki na manane au tisa, na saba kati ya hayo hayana mjadala: English, hesabu, baiolojia, kemia, fizikia, jografia na historia.

Isome tena hiyo orodha polepole, na ukiweza msomee baba yake kwenye simu. Baiolojia iko. Kemia iko. Fizikia iko. Binti akijaza Art, akijaza Kiswahili, akijaza dini, sayansi hizo tatu atakaa nazo mpaka S.4 apende asipende. Shule za unesi za cheti zikichukua watoto wa S.4 zinaangalia hizo sayansi, hesabu na English. Akitaka kupitia eleveli, yaani S.5 na S.6, aende digrii, hapo ndipo uchaguzi mzito ulipo, kwenye kombineshen ya S.5, masomo makubwa matatu pamoja na General Paper na lile dogo la ICT au sub-math, na unesi utamtaka awe na baiolojia na kemia kwenye hayo matatu. Kwa hiyo yule nesi wa baba yake hafukuzwi na Art. Na vile vile haletwi na Agriculture, sijui nani alimwambia hivyo. Kinachoweza kumfukuza ni alama mbaya za kemia, na hilo halina mstari wa kujaza.

Halafu umesema mistari ni miwili. Masomo manane yanaruhusiwa, maana yake anaweza kujaza mmoja tu, isipokuwa shule iwe na utaratibu wake, na hilo ulizeni. Nimeona watoto wanaobeba la tisa kwa sababu tu karatasi ilikuwa na nafasi.

Sasa upande wa pili, ili usije ukaniambia Shangazi alisema ni mchezo. Siku hizi kazi za darasani na projekti zinachukua asilimia 20 ya UCE, mtihani wa UNEB, baraza la mitihani, unabaki na 80, na hizo za darasani zinakusanywa kidogo kidogo, hazisubiri wiki ya mtihani. Mtoto akianza somo S.3 kisha akalihama katikati, kuna kazi ambazo mwenzake amefanya na yeye hana. Tena somo kama Art au Kiswahili ukiliacha hapa, kulirudia S.5 ni kazi kweli, eleveli wanataka mtu aliyelifanya oleveli. Kwa hiyo fomu haifungi unesi, lakini ile mistari yenyewe inaweza kufunga vitu vidogo, na hivyo vidogo kwa mtu fulani ndio vikubwa.

Kuna jambo hukuniandikia na ningependa kulijua: lile somo moja la kuchagua la S.1 na S.2 binti alisoma lipi? Maana mama, uchaguzi haukuanza taamu hii. Ulianza siku mlimpeleka S.1 na godoro lake na ndoo, na mara nyingi shule inachagua yenyewe kulingana na mwalimu aliyepo na hakuna mzazi anayegombana. Kama alisoma Art miaka miwili, basi anajua anachokifuta na penseli. Kama alisoma ICT, basi Art kwake ni jina tu, hajawahi kukaa kwenye darasa lake, na hiyo "sijui" yake inakuwa jibu la mtu mkweli kabisa.

Na hapo ndipo nataka kukuuliza kwa upole. Umeniandikia mtoto alisema hajui, halafu mistari michache chini unaniambia unaweza kuandika Art usaini. Hiyo Art imetoka kwa nani? Piko naijua, na mtoto wa miaka 15 anayeitwa mpaka Tororo ana mkono wa kweli, hilo simnyimi. Lakini kuchora bibi harusi Jumamosi, kina mama wanakusifu, chai na sambusa pembeni, na hela mkononi, si sawa na kukaa wiki nzima kuchora chungu kwa penseli mpaka mwalimu aridhike na kivuli chake. Wengine wanapenda vyote viwili. Wengine ukiwapa piko kama somo la kupewa alama wanaichukia, na kile kilichokuwa kinawapumzisha kinakuwa kazi. Sijui binti yako ni wa wapi. Wewe unajua?

Baba naye usimsikie vibaya. Anaposema mambo ya kuchora sitaki kusikia, anaongea mtu aliyeona mama yake anauguzwa na dada yake kwa sababu dada alisomea kitu. Kwake unesi si kazi tu, ni nyumba kuwa na mtu wa kukimbilia. Ukimjibu kwa kumsifia Art hata haitamfikia. Na kuna kitu hajui labda, kwamba Makerere wanafundisha hii Art tangu 1937, ile shule ya Margaret Trowell, na watu wanatoka pale wanakwenda kwenye vitambaa, nguo, matangazo, vifaa. Wewe muuza vitenge unaelewa kuliko mimi kwamba kila ua lililo kwenye kitambaa chako kuna mtu alilichora akalipwa. Simaanishi umshinde kwa hoja hiyo, nasema tu kwamba anachokataa na kilichopo huenda ni vitu viwili.

Haya, saini.

Sitakwambia saini wala usisaini, mimi siishi kwenye hiyo nyumba. Ila tuziangalie njia zilivyo. Ukisaini kimya kimya, fomu itarudi kwa wakati, na kwa sheria ya shule wewe ni mzazi, hakuna atakayekuuliza. Ila atakayebeba ile siri si wewe peke yako, ni binti, kila baba akipiga simu kuuliza Agriculture inaendaje. Mtoto wa miaka 15 kudanganya kwenye simu miaka miwili ni somo la kumi, na la nyumbani. Ukiandika alivyosema baba bila neno, nyumba itatulia, hasa kwa wewe unayekaa naye usiku mmoja au miwili na hutaki uishie kwenye mabishano, lakini unaweza kuja kumlaumu moyoni mtoto akishindwa, na yeye hata hajui ulitaka kusema nini. Ukimwachia shule, shule itajaza kwa hesabu ya waalimu na taimutebo, si kwa ubaya, ndivyo shule zinavyoendeshwa. Na ukimwachia mtoto peke yake, kwa jinsi mlivyosimama sasa hivi, lolote atakaloandika kuna mmoja wenu ameshindwa. Mimi sishangai karatasi imekonda.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wanaipata wakiwa na mistari miwili, mmoja ukawa wa moyo wa mtoto na mwingine ule ambao baba anaweza kuutaja kwa wenzake bila aibu. ICT na Art, kwa mfano, hazigombani, siku hizi wachoraji wengi wanamalizia kwa kompyuta. Hatari yake ni hiyo ya masomo tisa, projekti zaidi, muda mfupi wa kemia, na kama mnataka unesi ubaki wazi basi kemia ndio ya kulindwa. Njia nyingine ni kuomba shule ruhusa ya kubadilisha mpaka wiki fulani ya taamu ya kwanza S.3. Muulize DOS, yule mkuu wa masomo, si class teacher, na uombe akuandikie, kwa sababu nimezeeka nikisikia shule zinasema ndiyo mwezi wa Novemba na Machi mwalimu anasema nafasi zimejaa.

Kiswahili pia nimekiona kwenye penseli, na hapa nivumilie kidogo. Julai 2022 serikali ilikubali Kiswahili kiwe cha lazima primary na sekondari, sote tukashangilia, lakini kwenye fomu yako kinapigania mstari na ICT kama kawaida. Mtoto wa Malaba, anayeongea na madereva wa nchi nne kabla ya kumaliza chai, anaambiwa Kiswahili ni cha hiari. Mimi nina upande wangu hapo kwa hiyo usinisikilize sana. Lakini muulize kwa nini alikiandika, maana hakuna mtu kwenye hii barua aliyempendekezea Kiswahili. Baba anataka Agriculture na ICT, wewe Art, shule Entrepreneurship. Kiswahili alikitoa mwenyewe.

Kuhusu dada yako wa ng'ambo. Anasema kweli kwamba huko wanachagua njia nzima, lakini angalia ni nini hasa: mtoto wa Grade 9 anachagua kati ya njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na ndani yake masomo matatu, na kundi la kwanza limeingia Grade 10 Januari 2026. Umri ni ule ule wa binti yako, ila uchaguzi ni mkubwa mara nyingi. Wewe unayesema 15 ni mapema, huko utaona ni mapema zaidi. Hapa akijaza Art sayansi zinabaki, huko akienda njia ya sanaa unesi unakuwa mbali sana. Tena atafika bila ule mtihani wa mwisho wa Grade 9, na mtaanza kuhangaika na kulinganisha vyeti vya huku na huko. Eleveli huko haipo, wanamaliza Grade 12 wanaenda chuo, kwa hiyo akitaka kurudi Uganda katikati haiingiliani vizuri. Kuna familia za mpakani zimefanya hivyo na mtoto akatulia, siwezi kukudanganya, hasa palipokuwa na nyumba ya kukaa na mtu wa kumwangalia. Ila kama mnakimbia fomu, mnaikimbilia fomu kubwa zaidi.

Na lini hasa mtoto achague? Nimefundisha muda mrefu na sina mwezi wa kukutajia. Wazo lako la kusoma yote mpaka S.4 lina uzuri wake, ila fikiria masomo 12 na projekti zake zote mpaka mtihani, mtoto anayehangaika na hesabu hapumui. Mimi ninachoangalia si umri, naangalia kama ameliona somo likifundishwa vizuri angalau mara moja. Mwalimu wa siku mbili kwa wiki, vifaa vya kulipia, wanafunzi wachache, hapo hata mtu wa miaka 20 anachagua gizani. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa mwombe huyo mwalimu wa Art binti akae kwenye kipindi kimoja cha S.3. Kimoja tu. Na nyumbani usimuulize anataka kuwa nani, mwambie alete madaftari yote ya mwaka huu, mkae sakafuni muyafungue, umuulize kila moja, hili ulikuwa unalifungua kwa hiari au kwa kulazimishwa? Nyamaza wakati anajibu, hapo sisi wazazi ndipo tunapoharibu.

Baba akipiga simu, mwache aongee na yeye moja kwa moja, wewe ukiwa pembeni lakini si katikati. Akiwa amepaki, si akiendesha. Huenda akasikia "sijui" kwa masikio yake na akalainika, huenda akawa mkali zaidi, simjui. Na ukirudi kwa DOS uliza pia ile pesa ya vifaa vya Art ni ya mwaka au ya kila taamu, na kama huyo mwalimu wa siku mbili atakuwepo bado S.4, kisha uniandikie alichokujibu, pamoja na lile somo la S.1.